Hewala Haigombi: Kisa cha Mwani Uliorudi Mchangani

Semina ya kuanika mwani ilifanywa katika darasa la skuli, siku za maji mafu. Angalau hilo afisa aliyeipanga alilijua: likiwa bamvu, siku za maji kujaa na kupwa sana, mwanamke wa mwani humpati. Yumo baharini tangu maji yanapoanza kupwa mpaka yanaporudi kumfika kiunoni. Basi akangoja maji mafu, akapanga viti vya wanafunzi nusu duara, akabandika picha mbili ubaoni. Ya kwanza, mwani umetandazwa mchangani na mbuzi kasimama pembeni. Ya pili, mwani uko juu ya chanja, upepo unapita chini yake.

Mimi nilikuwa karani. Kazi yangu ilikuwa kuandika mahudhurio, kuwatia wino wa dole gumba wasioweza kusaini, na mwisho kugawa posho kwenye bahasha. Kijiji ni cha pwani ya wilaya ya Micheweni, Pemba. Jina lake silitaji, wala la ofisi iliyonituma.

Afisa alizungumza saa nzima na ushei, na alizungumza vizuri, sitamwonea. Alieleza kwamba mwani wa mchangani hukauka polepole, huchanganyika na taka, hushushwa daraja ukifika kiwandani ng'ambo. Alieleza kwamba mwani huu hutolewa karajinani, ile inayofanya malai na dawa ya meno vigande vizuri, na kwamba hakuna anayetaka kutafuna mchanga akipiga mswaki. Kina mama wakacheka pale pa kuchekea. Mwisho akauliza, "Mama zangu, tumefahamiana?"

"Hewala, bwana," darasa zima likaitika. "Tumefahamu."

Wakanywa soda, wakala maandazi, wakapokea bahasha, wakaenda zao.

Bamvu lililofuata nilikwenda pwani kwa shughuli zangu nyingine. Mwani ulikuwa palepale mchangani, juu ya nyavu kuukuu na makuti. Mbuzi naye alikuwepo, labda si yule wa kwenye picha. Nikatafuta chanja hata moja, sikuiona. Nilipomweleza afisa, alishusha pumzi akasema kina mama wa huku ni wagumu, wanahitaji elimu zaidi. Akaanza kuandika maombi ya semina ya pili.

Kisa chenyewe ndicho hicho. Ninachotaka kukichambua ni neno "wagumu".

Kwanza tuelewane kuhusu hewala. Wahenga walisema hewala haigombi, na mtu aliyelelewa pwani anajua maana yake: kuitikia hakuleti ugomvi, na mwenye kuitikia hajatoa ahadi. Mgeni amekuja, ana picha, amevaa shati la kupigwa pasi, anasema kwa heshima. Utamjibu nini? Umwambie mbele ya wenzako kwamba maneno yake hayafai? Adabu haikuruhusu. Kwa hiyo "tumefahamu" ya darasa lile ilikuwa tendo la ukarimu, kama kumkaribisha mtu chai. Afisa aliisikia kama tendo la akili. Alidhani kimeingia kitu vichwani, na kwa kuwa kitu kile hakikuonekana pwani, akadhani kimevuja.

Mwaka uliofuata nilikwenda kusoma Unguja, na huko nikakutana na jina la mwanasaikolojia Kurt Lewin. Nilimsoma kwa ajili ya mtihani, lakini nilipofika kwenye kisa cha figo na moyo wa ng'ombe nikaacha kuandika nukuu, nikawa natazama ukuta tu.

Lewin alizaliwa 1890 katika kijiji cha Mogilno, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Prussia na leo kimo Polandi. Familia ya Kiyahudi, baba mwenye duka dogo na shamba. Alipigana upande wa Ujerumani katika vita vya kwanza akajeruhiwa, kisha akafundisha saikolojia Berlin. Hitler aliposhika madaraka 1933 akahamia Marekani. Alianzia Chuo Kikuu cha Cornell, katika skuli ya maarifa ya nyumbani, akaenda Iowa kwenye kituo cha utafiti wa malezi ya watoto, na mwisho akaanzisha kituo cha utafiti wa mwenendo wa vikundi katika chuo cha MIT. Alifariki Februari 1947 akiwa na miaka 56. Mama yake aliyebaki Ulaya aliuawa na Wanazi. Mtu wa namna hii akiuliza vipi watu hubadilika, na vipi kundi humshika mmoja wao asiende anakotaka, haulizi kwa ajili ya kupandishwa cheo tu.

Wakati wa vita vya pili serikali ya Marekani ilikuwa na shida ya nyama. Minofu ilipelekwa kwa wanajeshi, na nyumbani watu wakaombwa wale moyo, figo na tezi za ng'ombe, vitu ambavyo wengi wao waliviona kinyaa. Msomaji wa Pemba atashangaa, maana hapa figo na moyo hugombewa buchani kabla jua halijachomoza. Ila kila watu na kinyaa chao: mwani wenyewe tunaulima miaka yote hii, na ni wangapi kati yetu wanaouweka sahanini?

Kulikuwa na kamati ya taifa ya mazoea ya chakula, na katibu wake mtendaji alikuwa mwanaanthropolojia Margaret Mead. Lewin akafanya kazi nayo. Alichukua vikundi sita vya wanawake waliojitolea Msalaba Mwekundu, kila kikundi watu 13 hadi 17. Vitatu vikapewa mhadhara mzuri wenye vitamini, uzalendo na maelezo ya mapishi. Vitatu vikakaa kuzungumza: wanawake kama sisi, wakiambiwa wapike figo, kitawazuia nini? Harufu jikoni, mume atanuna, watoto watakataa. Vikundi hivi navyo vikapewa mapishi yaleyale, na mwisho wakaulizwa nani yuko tayari kujaribu wiki ijayo, ainue mkono. Wote walikuwa na dakika 45 tu.

Wiki moja baadaye wakafuatiliwa. Waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 ndio waliopika nyama ambayo hawajawahi kuipika. Waliozungumza na kuamua, asilimia 32.

Nikaiona semina yetu: picha ubaoni, karajinani, mswaki. Tulikuwa tumefanya mhadhara wa kile kikundi cha asilimia 3, tena tukautilia na bahasha.

Na bahasha nayo ina hadithi yake. Leon Festinger, aliyekuwa mwanafunzi wa Lewin kule Iowa, alitangaza mwaka 1959 pamoja na mwenzake Carlsmith jaribio walilolifanya Chuo Kikuu cha Stanford. Vijana walipewa kazi ya kuchosha kupita kiasi, ikiwemo kuzungusha vigingi vilivyo kwenye ubao robo mzunguko, kimoja baada ya kingine, kisha waanze upya. Halafu wakalipwa wamwambie anayefuata kwamba kazi ni ya kupendeza. Baadhi walipewa dola 1, wengine dola 20. Walipoulizwa baadaye wao wenyewe wanaionaje kazi ile, waliosema imewapendeza zaidi ni wale wa dola moja. Wa dola 20 walishajua kwa nini walisema walichosema: wamelipwa. Wa dola moja hawakuwa na kisingizio cha kutosha, kwa hiyo moyo ukajisogeza upande wa ulimi. Sisemi jaribio lile na semina yetu ni kitu kimoja. Ila mama aliyepewa bahasha kwa kukaa na kuitikia hahitaji kujiuliza kwa nini ameitikia. Jibu liko mkononi mwake, na tena ni mimi niliyemkabidhi.

Lakini hiyo yote bado haijajibu kwa nini mwani ulianikwa mchangani. Kwa hilo inafaa kuujua mwani wenyewe.

Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kikavuka kwenda Pemba, ambako leo ndiko unakotoka mwani mwingi wa Zanzibar. Wakulima wengi ni wanawake. Kazi yenyewe haina siri: vigingi viwili, kamba katikati, vipande vya mwani vimefungwa kwa taitai, vijikamba vyembamba. Baada ya wiki kama sita unavuna, unabeba kichwani maji ya chumvi yanakuchuruzika mpaka machoni, unaanika siku mbili tatu, unapeleka kwenye mizani ya wakala. Aina inayoitwa kotonii ina bei nzuri lakini haistahimili maji ya moto. Inageuka nyeupe na kufa. Iliyobaki kwa wengi ni spinosamu, ngumu kufa, nyepesi kwa bei. Ukitaka kujua mwanamke wa Micheweni anafikiri nini kuhusu mwani, anzia kwenye bei hiyo.

Semina ya pili haikupata fedha. Nadhani ndiyo baraka yenyewe. Badala yake alikuja mwenzake afisa, mwanamke wa Wete, akapita kijijini akielekea kwingine. Alikuwa na ukili mkobani. Akaketi mkekani chini ya mwembe, akasuka pamoja na kina mama, wakala mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Nilikuwepo kwa sababu ya gari tu. Tulikuwa tumepanda moja. Baada ya habari za watoto na za msiba wa jirani, akauliza kama mtu anayeuliza njia:

"Hivi wanawake wa hapa wakiambiwa waanike juu, kitawashinda nini?"

Hakusema "nyinyi". Alisema "wanawake wa hapa". Ukimwuliza mtu udhaifu wake atajitetea, ukimwuliza wa jirani atakueleza mpaka magharibi.

Wakaeleza. Nguzo: mikoko si ya kukatwa ovyo, na mti wa mvinje unauzwa. Mvua: mwani wa chini unaukunja na wavu wake ukakimbia nao, wa juu ya chanja unahitaji turubai. Mahala: ufukwe una wavuvi wanaovuta ngalawa, chanja itakaa wapi? Mama mmoja kijana akasema polepole, macho kwenye ukili, kwamba mtu akijenga chanja peke yake watu watasema anajiona, kishakuwa mtu wa semina. Wengine wakacheka, lakini hakuna aliyemkatalia.

Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, aliyekuwa ameitikia hewala kwa sauti ya juu kabisa siku ya semina, akaweka ukili chini.

"Mwanangu," akamwambia mgeni, "mchanga nao una ratili."

Kimya kikaingia. Kisha kicheko kikubwa, cha watu waliokamatwa.

Alikuwa amelimaliza. Wakala alikuwa akinunua kwa uzito, bei moja kwa safi na kwa chafu, gunia zote stoo moja. Mwani wa mchangani ulikwenda kwenye mizani na punje zake za mchanga, na punje zile zililipwa. Aliyejenga chanja angetoa fedha ya nguzo, angepoteza uzito wa mchanga, na angepata bei ileile. Afisa alikuwa amekwenda kuwafundisha hesabu watu ambao hesabu wameshaimaliza.

Lewin alikuwa na namna ya kulitazama hili ambayo kwangu ina faida kuliko asilimia zake. Alisema mwenendo wa mtu umesimama mahali kwa sababu kuna nguvu zinazousukuma mbele na nguvu zinazouzuia, na zimelingana. Ukitaka usogee una njia mbili: uongeze msukumo, au upunguze kizuizi. Ukiongeza msukumo bila kugusa kizuizi, huenda mtu akasogea kidogo, lakini utakuwa umemzidishia mvutano, na siku ukiachia anarudi. Afisa wetu alikuwa msukumaji. Mama wa Wete, ambaye sidhani kama aliwahi kulisikia jina la Lewin, alikaa akaorodhesha vizuizi.

Nao wakaanza kuvipunguza palepale. Watatu watatu wachangie chanja moja. Kitanda cha juu kiwe wavu mbovu wa uvuvi, maana huo haununuliwi. Mahala watamwomba sheha aseme na wavuvi. Kuhusu mizani hawakupata jawabu, ila walikubaliana waende kwa wakala pamoja badala ya mmoja mmoja. Mwisho mgeni akauliza: "Nani bamvu lijalo ataanika juu, hata nusu tu?" Mikono ikainuka, si yote. Hakukuwa na bahasha.

Bamvu lile nilihesabu chanja tano. Zilikuwa mbovu mbovu, moja imeinama kama mzee anayetafuta miwani, lakini zilikuwa tano.

Hapa ndipo mtu wa semina angefunga taarifa yake kwa furaha. Mimi nina mashaka mawili.

La kwanza ni mikono. Tangu Lewin, watu wengi wamechukulia kwamba siri iko kwenye kuinua mkono mbele ya wenzako, au kwenye mazungumzo yenyewe: wakalishe watu duara, waache waseme, watabadilika. Mwaka 1955 mtafiti Edith Bennett alilifumua jambo hilo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, akitazama nani atajitolea kwenye majaribio. Akatenganisha mazungumzo, uamuzi, uwazi wa uamuzi, na kuona kwamba wenzako nao wameamua. Mazungumzo peke yake hayakushinda mhadhara. Kuinua mkono hadharani nako hakukuongeza kitu cha maana kuliko kuamua kimya. Vilivyofanya kazi ni viwili: mtu kutakiwa aamue, na kuona kwamba wengi wa kundi wako naye. Hilo nalikubali kwa yale niliyoyaona. Mkono ulioinuliwa Pemba unaweza kuwa hewala nyingine isiyo na sauti. Kilichokuwa tofauti chini ya mwembe ni kwamba swali lilikuwa na siku yake na kiasi chake, na kwamba mama yule kijana aliona kuwa akijenga hatakuwa peke yake wa kusemwa. Aliyekuwa akimzuia ni jirani. Jirani alipoamua, kizuizi kikaondoka.

Wala sidai kwamba nimerudia utafiti wa Lewin kule Micheweni. Mzungumzaji wa kwanza alikuwa mwanamume, wa pili mwanamke. Wa kwanza aliwakuta darasani, wa pili mkekani. Na waliokwenda mwembeni ni wale waliotaka. Ni kisa kimoja. Hata kwa Lewin mwenyewe, thuluthi mbili na zaidi ya wale walioamua hawakupika figo.

La pili ni masika. Mvua ilipokuja, chanja mbili zilianguka na hazikuinuliwa. Kundi moja lilirudi mchangani bila kuficha. Katika maandishi yake ya mwaka 1947 Lewin alieleza mabadiliko kwa hatua tatu: kuyeyusha mwenendo wa zamani, kuusogeza, kisha kuugandisha mahali papya. Mama wa Wete aliyeyusha, akasogeza. Kugandisha hakukuwa mikononi mwake.

Aliyegandisha ni wakala. Siku moja, sijui aliambiwa nini na waliomtuma, akaanza kuinua kila gunia na kulikung'uta kabla ya kuliweka kwenye mizani. Mchanga ulimwagika miguuni pake, watu wanatazama. Hakufundisha mtu, hakubandika picha. Katika muda wa mabamvu mawili chanja zilikuwa nyingi kuliko nilivyoweza kuzihesabu nikiwa garini, na miongoni mwa waliojenga kwanza alikuwemo bibi wa ratili, ambaye chini ya mwembe hakuinua mkono.

Katika utafiti wa chakula Lewin alisema kwamba kitu hakifiki mezani hivi hivi. Kinapita kwenye njia, na kila njia ina mlango, na kila mlango una mlinzi. Kabla ya kushughulika na mtazamo wa watu wote, mtafute mlinzi. Kule Iowa, kwenye chakula, mlinzi alikuwa mke wa nyumbani, ndiyo maana alizungumza na wake. Tuliomsoma kwa haraka tulikariri kwamba mlinzi ni mwanamke. Lakini njia ya mwani haipiti jikoni. Inatoka kwenye kamba, inapita mchangani au kwenye chanja, inafika kwenye mizani, na pale mizanini ndipo inapoamuliwa kama mchanga ni taka au ni fedha. Tuliwaita wanawake ishirini na kitu waje wabadilishe mtazamo, na mtazamo wao juu ya mchanga ulikuwa sahihi kabisa kwa bei iliyokuwepo.

Fomu ya semina ile nilikuja kuiona tena, imo kwenye faili la ofisi. Ina majina, saini, madole gumba, na upande wa kulia safu iliyoandikwa "mabadiliko ya mtazamo". Niliijaza mimi, jioni ileile, kabla gari la Konde halijafika. Nimeandika "ndiyo" mbele ya kila jina, bibi wa ratili akiwemo. Jina la wakala halimo. Hatukumwalika.